Bei ya Kuandika

Maandishi ya kwanza duniani hayakuwa sala wala utenzi. Yalikuwa hesabu za ghala. Mjini Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, wataalamu wa mambo ya kale wamefukua maelfu ya vibao vya udongo vya kati ya mwaka 3300 na 3000 KK hivi, na vilivyo vingi vinahusu mambo ya kawaida kabisa: kondoo wangapi wameingia, pombe kiasi gani imetoka, nani amepewa posho yake ya shayiri. Baadhi ya vibao hivyo vinataja jina Kushim, msimamizi wa shayiri ya kutengenezea pombe. Wapo wataalamu wanaodhani hilo lilikuwa jina la ofisi. Ikiwa lilikuwa la mtu, basi miongoni mwa binadamu wa kwanza tunaowajua kwa majina yumo mtunza ghala.

Mji mkubwa hauendeshwi kwa kukariri. Mvuvi, mfumaji na mjenzi wanapolishwa kutoka ghala moja la hekalu, lazima awepo mtu wa kuweka kumbukumbu, na kumbukumbu ya kichwani haina shahidi. Udongo ulikuwa bure, na tete la kuchomea alama liliota kando ya mto. Kilichokuwa ghali ni mwandishi mwenyewe. Mwandiko wa kikabari ulikuwa na mamia ya alama, na kijana aliyepelekwa kujifunza alikaa shuleni miaka mingi akinakili orodha na kula fimbo. Kwa hiyo aliyemudu maandishi alikuwa hekalu au ikulu. Tangu hapo, mageuzi mengi makubwa ya dunia yanaweza kufuatiliwa kwa swali moja kavu: kuandika kunagharimu kiasi gani, na nani anaweza kulipa?

Miaka zaidi ya elfu moja baada ya Kushim, gharama hiyo ilikuwa imeshuka kiasi cha kuingia mikononi mwa wafanyabiashara. Ushahidi mzuri umetoka Kanesh, mji wa kale ulio karibu na Kayseri nchini Uturuki, ambako vimepatikana vibao zaidi ya 20,000 vya karne ya 19 KK na miaka iliyoifuata. Wenye vibao hivyo walikuwa wachuuzi kutoka Ashur, mji wa kando ya Tigris. Walipakia punda bati na vitambaa, wakasafiri zaidi ya kilometa 1,000, wakauza, kisha wakatuma nyumbani fedha na dhahabu. Wao walipunguza alama, wakabaki na zile mia na ushei zilizowatosha, na wengi wao walijiandikia wenyewe. Barua ilitiwa ndani ya bahasha, nayo bahasha ilikuwa ya udongo vilevile, imegongwa muhuri wa mtumaji.

Humo ndimo wanamosikika watu ambao historia rasmi haikuwahi kuwajali. Lamassi, mkewe mfanyabiashara Pushu-ken, alibaki Ashur akisimamia ufumaji wa vitambaa ambavyo mumewe aliviuza Kanesh. Barua zake zimejaa malumbano ya bei na ubora, na anamsihi mumewe arudi kwa kuwa binti yao amekwisha kukua. Mwanamke mwingine, Taram-Kubi, anamshutumu mumewe Innaya kwa kumwachia nyumba tupu, hata shayiri hakuna. Kuna habari za magendo pia: njia ya vichochoro ya kukwepa ushuru, na siku ambayo Pushu-ken mwenyewe alitiwa ndani. Ukiyasoma hayo, wafalme wa zama hizo na majigambo yao ya vita hupoteza ladha.

Udongo una tabia moja ya ajabu: moto huuimarisha. Mwaka 612 KK majeshi ya Babeli na Wamedi yaliiteketeza Ninawi, mji mkuu wa Waashuru, pamoja na majumba ambamo mfalme Ashurbanipal alikuwa amekusanya maktaba yake. Maandishi ya kwenye mbao na ngozi yaliangamia. Vibao vya udongo vilibaki, vingine vikiwa vimekaushwa na moto uleule, na leo vibao na vipande zaidi ya 30,000 viko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Adui alichoma maktaba akaihifadhi bila kujua.

Misri ilichagua njia nyingine. Mafunjo ya Delta ya Nile yalipasuliwa vipande vyembamba, yakapangwa kwa kupishana, yakagandamizwa mpaka yakawa ukurasa mwepesi wa kukunjwa na kubebwa. Mafunjo ya zamani zaidi yenye maandishi yaligunduliwa mwaka 2013 na timu ya Mfaransa Pierre Tallet huko Wadi al-Jarf, bandari ya kale kwenye Bahari ya Shamu. Miongoni mwake yamo madaftari ya kazi ya Merer, mkuu wa kikosi cha mabaharia katika miaka ya mwisho ya Farao Khufu, yapata 2560 KK. Merer aliandika siku kwa siku: leo tumepakia mawe Tura, leo tumelala njiani, leo tumefika Giza. Mawe hayo yalikuwa ya piramidi kubwa. Watu wamebuni hekaya zisizo na idadi kuhusu waliolijenga jengo lile, kumbe ratiba ya usafirishaji ilikuwa imelala jangwani ikisubiri msomaji.

Ilisalia kwa sababu ya ukavu wa jangwa. Mafunjo yakipata unyevu huoza, na ndiyo maana tunajua zaidi habari za Wamisri wa kawaida kuliko za Wagiriki wengi walioandika kwa nyenzo hiyohiyo katika nchi zenye mvua. Hata hivyo mafunjo yalitawala bahari ya Mediterania kwa muda mrefu mno. Ofisi ya Papa huko Roma iliendelea kuyatumia hadi karne ya 11.

Alfabeti ilipunguza gharama ya upande wa pili, yaani ya kujifunza. Kwenye machimbo ya feruzi ya Serabit el-Khadim, rasi ya Sinai, watu waliozungumza lugha ya Kisemiti walichora michoro ya Kimisri wakaipa kazi ya sauti mojamoja. Ilikuwa kiasi cha karne ya 19 KK. Wafoinike walikuja kuwa na herufi 22, Wagiriki wakaongeza irabu, na jamaa za herufi hizo zikaenea kuanzia Kilatini hadi Kiarabu. Mtoto akaweza kusoma baada ya miezi.

China haikufuata njia hiyo, ila ndiyo iliyoleta kitu kilichobadili hesabu yote. Huko nyaraka ziliandikwa kwenye vipande vya mianzi vilivyofungwa kwa kamba, na uzito wake ulikuwa adhabu. Mwanahistoria Sima Qian anasimulia kwamba Qin Shi Huang, aliyeiunganisha China mwaka 221 KK na kuamuru mwandiko mmoja nchi nzima, alipimiwa nyaraka zake kwa mizani kila siku, na hakupumzika kabla ya kumaliza kipimo. Hariri ilikuwa nyepesi, lakini nani angeandikia hariri orodha ya kodi? Mwaka 105 BK, towashi wa ikulu aitwaye Cai Lun alimpelekea mfalme taarifa ya namna ya kutengeneza karatasi kwa magome ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu. Hakuwa wa kwanza, kwani vipande vya karatasi vya karne ya 2 KK vimepatikana makaburini. Yeye aliifanya kazi hiyo iwe ya uhakika na ya serikali.

Karatasi ilitambaa polepole kuelekea magharibi pamoja na misafara na watawa wa Kibuda. Hadithi maarufu inasema Waarabu waliipata kwa mateka wa vita vya Talas vya mwaka 751. Ni hadithi tamu, ila wanahistoria wengi wa sasa hawaiamini moja kwa moja, maana karatasi ilikwisha kutumika Asia ya Kati kabla ya hapo. Lisilobishaniwa ni kilichotokea Baghdad. Mji huo ulianzishwa na Khalifa al-Mansur mwaka 762, na kabla karne haijaisha ulikuwa na kiwanda chake cha karatasi. Maofisa waliipenda kwa sababu ya kiusalama hasa: wino hunywewa na karatasi, kwa hiyo anayetaka kufuta tarakimu na kughushi hati huacha alama. Ngozi ilikwanguliwa ikawa kama mpya.

Lakini kitu cha bei nafuu hakikai ofisini. Katika karne ya 9, mwanajiografia al-Ya'qubi alihesabu maduka zaidi ya 100 ya warraqun, watu waliouza karatasi, waliokodisha vitabu na kunakili kwa malipo. Mmoja wa wateja mashuhuri wa biashara hiyo alikuwa al-Jahiz wa Basra, ambaye babu yake anatajwa kuwa mtu mweusi. Inasimuliwa kwamba alikodi maduka ya vitabu usiku ili akeshe akisoma. Aliandika juu ya wanyama, juu ya mabahili, na pia risala nzima ya kuwatetea watu weusi, wakiwemo Wazanji wa pwani ya Afrika Mashariki, dhidi ya dharau za wenzake. Mwandishi wa namna hiyo, mtoto wa familia maskini asiye na ikulu nyuma yake tangu mwanzo, hakuwa na nafasi katika dunia ya mafunjo na ngozi. Katika mazingira hayohayo al-Khwarizmi alieleza hesabu kwa tarakimu za Kihindi, na Hunayn ibn Ishaq akawatafsiri matabibu wa Kigiriki.

Al-Jahiz alifariki mwishoni mwa 868 au mwanzoni mwa 869. Mwezi Mei wa 868, mtu aitwaye Wang Jie alikuwa amechapisha nchini China msomo wa Kibuda ujulikanao kama Sutra ya Almasi, ugawiwe bure kwa ajili ya wazazi wake. Msokoto huo wenye urefu wa karibu meta tano ulipatikana katika pango la Dunhuang, na ndicho kitabu cha zamani zaidi kilichochapwa chenye tarehe yake. Ulichapwa kwa mbao zilizochongwa. Miaka ya 1040 fundi Bi Sheng alitengeneza herufi za udongo za kupangwa na kupanguliwa, na mwaka 1377 Wakorea walichapa kitabu cha Jikji kwa herufi za metali.

Johannes Gutenberg wa Mainz, basi, hakugundua uchapaji. Alichofanya ni kuoanisha herufi za risasi zilizosubiwa kwa kalibu, wino wa mafuta na shinikizo la skrubu. Hata hivyo mtambo wake ungekufa njaa bila karatasi, ambayo mafundi wa Fabriano nchini Italia walikuwa wameiboresha tangu karne ya 13 kwa nyundo zilizoendeshwa na maji. Hesabu ni rahisi: katika Biblia zake zipatazo 180 za mwaka 1455 hivi, nakala moja ya ngozi ilihitaji ndama wapatao 170. Nyingi zikachapwa kwenye karatasi.

Mojawapo ya kazi za kwanza za kuingiza pesa kwenye mitambo ya Mainz ilikuwa fomu: hati za rehema za kanisa zenye nafasi wazi ya kujaza jina la mnunuzi. Mwaka 1517 Martin Luther alizipinga rehema hizo, na mitambo ya Ujerumani ikasambaza hoja zake upesi kuliko kanisa lilivyoweza kujibu. Mchapaji hana dini ya mteja wake.

Upande wa pili wa Atlantiki maandishi yalikutana na upanga. Wamaya walikuwa na vitabu vya magome. Mwaka 1562 padre Diego de Landa alivichoma hadharani huko Maní, na leo vimebaki vinne tu. Wainka waliendesha dola ya mamilioni ya watu bila herufi, kwa kamba za mafundo ziitwazo khipu, na mahakama za Wahispania wenyewe zilikubali ushahidi wa wasomaji wake. Hilo linatosha kumnyamazisha anayedhani kwamba asiyeandika hahesabu.

Kwingineko kitabu cha mkono kiliendelea kuwa na heshima na soko. Istanbul ilikuwa na mtambo wa Wayahudi tangu 1493, lakini Ibrahim Müteferrika alitoa kitabu chake cha kwanza cha Kituruki mwaka 1729. Timbuktu iliishi kwa nakala za mkono. Ahmed Baba, msomi aliyekamatwa baada ya uvamizi wa Wamoroko wa 1591 na kupelekwa Marrakesh, alilalamika kuwa amepoteza vitabu 1,600, na kwamba maktaba yake ilikuwa ndogo kuliko za jamaa zake.

Na Kilwa? Wareno waliiteka mwaka 1505. Mwaka 1552 João de Barros alichapisha mjini Lisbon, kwa Kireno, habari za masultani wake alizozipata katika tarikhi iliyoandikwa Kilwa kwenyewe. Yaani historia ya mji huo ilipigwa chapa ng'ambo, huku pwani ikiendelea kwa kalamu ya mwanzi. Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, miaka 17 kabla ya Bwana Mwengo wa Pate kutunga Utendi wa Tambuka. Zilipelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Hazikuhifadhiwa Kilwa, penye unyevu na mchwa. Ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Goa, India, yaliyokuwa makao makuu ya utawala wa Wareno katika Bahari ya Hindi, pamoja na makaratasi mengine ya serikali yao.