Msaada Unaotangulia Msiba

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970 kimbunga kikubwa kiliipiga pwani ya Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Bahari ilivifunika visiwa watu wamelala. Wakafa si chini ya watu 300,000. Hatari ilitangazwa redioni, lakini ni wavuvi wangapi waliokuwa na redio? Kisha misaada ya serikali ikachelewa, nyoyo zikajaa uchungu.

Walionusurika walizingatia. Mwaka 1972 serikali ya nchi mpya na Msalaba Mwekundu waliunda vikosi vya kujitolea vijijini, vya kuwaonya watu kwa vipaza sauti na bendera. Yakajengwa majumba ya hifadhi juu ya nguzo. Mwaka 1991 yalikuwa bado machache, wakafa watu wapatao 138,000, yakaongezwa. Kilipokuja kimbunga Sidr mwaka 2007, mamilioni walihamishwa mapema. Waliofariki walikuwa kiasi cha 3,400.

Basi zingatia: mchele na blanketi huletewa aliyebaki hai. Roho huokolewa na jirani anayetangulia mawimbi. Je, mtaani kwako, mzee asiyesikia na mjane asiye na redio, nani atawagongea mlango?