Siku ya Tarehe 29 Oktoba



Kalenda hutundikwa ukutani karibu katika kila nyumba. Huku kwetu Kiminini, nyingine imetoka kwa mwenye duka, nyingine kwa chama cha ushirika, na nyingine kanisani. Twaitazama ili tujue siku ya soko, siku ya kufungua shule, na siku ya harusi ya jirani. Ni mara chache tunaposimama mbele yake na kuulizana: Je, ni nani waliopita katika siku hii kabla yetu, nao waliitumiaje? Mtunga Zaburi, katika Zaburi ya 90, alimwomba Mungu amfundishe kuzihesabu siku zake apate hekima. Hesabu hiyo si ya vidole tu. Ni hesabu ya mtu ajuaye kwamba siku zake ni za kukopeshwa, naye ataulizwa juu yake.

Basi leo na tuichukue tarehe moja, yaani 29 Oktoba. Kwa mkulima wa Trans Nzoia huo ni wakati wa mahindi kukauka shambani, na macho yote yako juu mawinguni kuona kama mvua itakoma. Wengine huiona ni siku kama siku nyingine. Lakini tukifungua vitabu vya historia twaona mambo makubwa yaliyotendeka katika siku hiyo, mengine ya kumshukuru Mungu, na mengine ya kutia majonzi.

Katika mwaka wa 1863, wajumbe kutoka nchi mbalimbali za Ulaya walikutana katika mji wa Geneva, Uswisi. Mkutano wao ulianza tarehe 26 Oktoba, ukamalizika tarehe 29. Aliyewafanya wakutane ni mfanyabiashara mmoja, Henry Dunant, ambaye miaka minne kabla ya hapo aliwaona askari wa vita vya Solferino, huko Italia, wakilala uwanjani na majeraha yao bila wa kuwahudumia. Wajumbe hao walipatana kwamba askari aliyejeruhiwa atunzwe, hata kama ni wa upande wa adui. Hapo ndipo shina la Msalaba Mwekundu, ambao magari yake twayaona hata leo wakati wa mafuriko na wakati wa njaa.

Miaka 34 baadaye, tarehe 29 Oktoba 1897, mtoto mwanamume alizaliwa Ujerumani, akaitwa Joseph Goebbels. Alisoma sana, akapata shahada ya udaktari wa falsafa. Naye aliutumia ufundi wake wa maneno kuwa waziri wa propaganda wa Hitler tangu mwaka wa 1933 hadi 1945. Sisi tunaonena nanyi kwa njia ya redio yatupasa kulijua jina hili, kwa maana mtu huyo alihakikisha redio za bei nafuu zimeingia katika nyumba za watu wa kawaida, ili wapate kusikia uongo na chuki kila siku. Wayahudi wapatao milioni sita waliuawa katika utawala ule. Maneno yalitangulia, kisha mauaji yakafuata.

Tarehe hiyo hiyo, katika mwaka wa 1938, mtoto wa kike alizaliwa katika mji wa Monrovia, Liberia. Ndiye Ellen Johnson Sirleaf. Alifungwa gerezani kwa kuikosoa serikali ya kijeshi ya nchi yake, akaishi uhamishoni, na Januari 2006 akaapishwa kuwa Rais, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuongoza taifa la Afrika. Alipokea nchi iliyobomolewa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, naye mwaka wa 2018 akakabidhi madaraka kwa amani kwa mwingine aliyechaguliwa na wananchi. Watoto wawili, siku moja ya kuzaliwa. Wako watu wasemao kwamba mtoto aliyezaliwa siku fulani ana bahati, na wa siku nyingine ana nuksi. Waambieni waitazame tarehe hii.

Tena, Jumanne ya tarehe 29 Oktoba 1929, bei za hisa zilianguka vibaya katika soko la New York. Mtu wa Kitale wakati ule angeweza kusema, "Hayo ni mambo ya Marekani." Lakini si muda mrefu bei za mahindi na kahawa zikaporomoka hata huku. Walowezi waliokopa fedha za kulimia wakashindwa kulipa, na serikali ya kikoloni ikaanzisha Benki ya Ardhi mwaka wa 1931 ili kuwasaidia. Wafanyakazi Waafrika katika mashamba hayo walipunguziwa ujira, na kodi ya nyumba bado ilidaiwa. Kwa hiyo kosa la wenye tamaa ya mali ya haraka katika mji wa mbali lilikuja kulipwa na kibarua wa Trans Nzoia ambaye hakupata kuiona hisa hata moja.

Lakini sasa na turudi karibu na nyumbani, kwa jambo ambalo kwa ajili yake Kanisa la Anglikana huikumbuka tarehe hii kila mwaka.

James Hannington alizaliwa katika kaunti ya Sussex, Uingereza, mwaka wa 1847. Mwezi wa Juni 1884 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa kwanza wa Afrika ya Ikweta Mashariki, naye akafika Mombasa mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Wakati ule wamisionari waliokwenda Buganda walipitia njia ya kusini, kwa bara la Tanganyika, njia ndefu yenye homa nyingi. Hannington akaazimu kufuata njia fupi, kupitia Ukambani, Ukikuyu na nchi ya Wamasai, kisha kuja huku kwetu magharibi. Mwezi wa Julai 1885 aliondoka pwani na watu wapatao 200. Pamoja naye alikuwapo William Jones, Mwafrika aliyetekwa utumwani alipokuwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa India, na ambaye Askofu alikuwa amemwekea mikono kuwa shemasi miezi michache tu kabla ya safari.

Mwezi wa Oktoba walifika Kwa Sundu. Mahali hapo paliitwa kwa jina la Shiundu, baba yake Nabongo Mumia, na leo ndipo mji wa Mumias. Ukitoka Kiminini ukapita Bungoma, si safari kubwa. Hapo Hannington alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, naye akaendelea mbele na wapagazi 50.

Alichokuwa hakijui ni hali ya mambo huko alikokwenda. Katika Buganda Kabaka Mutesa alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mwanawe Mwanga alikuwa kijana ambaye hajatimiza hata miaka 20. Wazee wa baraza walikuwa na imani kwamba watakaoila nchi ya Buganda watatokea upande wa mashariki, kwa njia ya Busoga. Tena habari zilikuwa zimefika kwamba Wajerumani wanajitwalia nchi pwani na kumtisha Sultani wa Zanzibar kwa manowari zao. Hofu ile haikuwa ya bure, kwa maana Wazungu walikuwa wakiigawanya Afrika kweli mwaka uo huo. Hannington mwenyewe hakuja kuteka nchi. Lakini mbele ya Mwanga alionekana kuwa yule yule aliyetabiriwa, akija kwa mlango ule ule uliokatazwa. Alexander Mackay na wamisionari wenzake waliokuwa Buganda walijaribu kumtetea, wasifaulu.

Tarehe 21 Oktoba Askofu alikamatwa katika kijiji cha Luba, mtawala wa Busoga. Alifungiwa siku nane kibandani, mgonjwa wa homa, akingojea neno la Kabaka. Kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku kilipatikana baadaye. Katika maandishi yake ya mwisho, ya tarehe 29 Oktoba, ameandika kwamba hana habari yoyote, ila ameimarishwa na Zaburi ya 30, na kwamba usiku fisi alilia karibu naye. Zaburi hiyo hunena habari za machozi yanayolala usiku mmoja na furaha ijayo asubuhi. Siku hiyo alitolewa nje, akauawa kwa mkuki. Masimulizi ya Kanisa yasema kwamba alituma neno kwa Kabaka, kwamba njia ile ya Buganda ameinunua kwa uhai wake.

Na wale wapagazi 50? Karibu wote waliuawa pamoja naye, wakaponyoka wachache tu. Hapa, ndugu zetu, ndipo tunapopenda mtue kidogo. Jina la Hannington limeandikwa katika kalenda ya Kanisa, na ni haki liandikwe. Lakini wale waliobeba hema lake, sanduku lake na chakula chake, waliokuwa na wake na watoto pwani wakiwangojea, hatuwataji. Siku ile ni yao pia. Kama njia ilinunuliwa, basi nao walilipa bei ile ile ya damu.

Jones alipopata habari kutoka kwa walioponyoka, aliwakusanya watu waliosalia Kwa Sundu akawarudisha pwani. Mwezi wa Februari 1886 waliingia Rabai wamebeba bendera ya buluu yenye neno moja: Ikabodi. Msomaji wa kitabu cha Kwanza cha Samweli alijua maana yake, kwamba utukufu umeondoka. Wake wa wapagazi walikuja mbio kuwatafuta waume zao katika msafara ule, na wengi hawakuwaona.

Je, utukufu uliondoka kweli? Sikieni yaliyofuata. Joseph Mukasa, mtumishi mkuu katika nyumba ya Mwanga, alimkemea Kabaka kwa kumwaga damu ya mgeni, akauawa mwezi wa Novemba 1885. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni, vijana wa Kianglikana na wa Kikatoliki waliteketezwa pamoja Namugongo. Lakini waumini hawakuisha, bali waliongezeka. Mifupa ya Askofu ilichukuliwa kutoka Mumias, ikazikwa katika kilima cha Namirembe siku ya mwisho ya mwaka 1892, na Mwanga mwenyewe akahudhuria mazishi yale. Miaka ikapita, na Joseph, mwana wa Hannington, akaja kuwa mmisionari Busoga, akambatiza mwana wa Luba. Naye Mwanga, aliyefia uhamishoni katika visiwa vya Ushelisheli mwaka wa 1903, alibatizwa huko kwa jina la Danieli.

Wala njia haikufungwa. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, ikipitia nchi ile ile ya mashariki iliyoogopwa. Mwaka wa 1906 shule ya Maseno ilianzishwa na wamisionari waliotoka upande wa Uganda, na Kanisa la Anglikana katika sehemu hizi za magharibi, zilizoitwa Kavirondo, liliongozwa na Dayosisi ya Uganda hadi mwaka wa 1921. Leo pana Dayosisi za Mumias, Bungoma na Kitale. Sisi tunaoketi katika makanisa haya tumeketi kando ya barabara iliyolipiwa na watu ambao hatuwajui majina.

Wapenzi, twajifunza nini? Kwanza, siku yenyewe haina bahati wala nuksi. Mungu aliyeifanya tarehe 29 Oktoba ni mmoja, lakini katika siku hiyo wengine walipatana kumtunza adui aliyejeruhiwa, na wengine walimwua mgeni aliyekuwa mgonjwa. Pili, siku iliyochafuliwa kwa damu yaweza kukombolewa, ila si kwa haraka. Ilichukua miaka mingi hadi mwana wa aliyeuawa amwekee maji kichwani mwana wa aliyemfunga baba yake. Nasi katika nchi hii, na hasa huku Trans Nzoia na Bungoma, tunazo tarehe zetu ambazo watu walifukuzana na kuuana kwa sababu ya ardhi na ya kura. Wengine wangetaka tuzisahau, na wengine wazikumbuka ili wapate kulipiza kisasi. Mwana wa Hannington hakufanya moja kati ya hayo mawili. Aliikumbuka siku aliyouawa baba yake, akaenda mahali pale pale, akahubiri habari njema.

Tatu, tuwakumbuke wabeba mizigo. Katika kila kanisa liko jiwe lenye jina la askofu aliyelifungua. Lakini mama waliobeba mchanga na maji kwa vichwa vyao, na vijana waliofyatua matofali, hawakuandikwa popote. Wengi wao wangali hai. Waulizeni majina yao, mkayaandike katika kitabu cha kanisa kabla hamjawazika.

Na tuombe. Ee Mungu, mwenye siku zetu zote, twakushukuru kwa ajili ya mtumishi wako James, na kwa ajili ya wapagazi waliokufa pamoja naye, ambao wewe wawajua mmoja mmoja kwa majina. Utupe neema ya kuitumia siku ya leo hata watakaokuja nyuma yetu wakute njia iliyo wazi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.