Uhamisho wa fedha kati ya akaunti za benki

Uhamisho wa fedha kati ya akaunti za benki ni kutoa fedha katika akaunti moja na kuziingiza katika nyingine bila kubeba noti. Nchini Tanzania, benki zikiwa tofauti, fedha hupitia mifumo ya Benki Kuu: TISS, ulioanza mwaka 2004, kwa malipo makubwa, na TIPS kwa malipo madogo ya papo hapo, yakiwemo ya simu. Hivyo mfanyabiashara wa maharage wa Kasulu au Kibondo hulipwa na mnunuzi aliyeko Dar es Salaam, na hakuna anayesafiri na kitita ndani ya basi. Malipo ya TISS yakishakamilika mtumaji hawezi kuyafuta; namba ya akaunti na jina la mpokeaji vihakikiwe kwanza. Aliyekosea aiarifu benki yake mara moja.