Mwanza ilipokuwa kituo cha mwisho kutoka London

Abiria wa Nkololo, mkoani Simiyu, anayepanda ndege Mwanza kwenda Dar es Salaam hukaa angani saa moja na nusu hivi. Barabarani ndiko anakochoka: bodaboda au hiace hadi Bariadi, basi hadi Lamadi, kisha barabara ya Musoma mpaka jijini, na uwanja wenyewe bado uko mbele, Ilemela. Mwaka 2031 itatimia karne moja tangu Mwanza iunganishwe na London kwa ndege, na hilo wengi wetu hatukufundishwa popote.

Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Kiingereza, Imperial Airways, ilianzisha safari ya kila wiki kutoka Croydon, London, hadi Mwanza. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 6,800 hivi. Kumbukumbu nyingi za safari hiyo zimetunzwa na wakusanyaji wa stempu, na bahasha zao ndizo shahidi: zilitoka London tarehe hiyo, zikagongwa muhuri Mwanza tarehe 10 Machi. Siku kumi.

Mwanza ilichaguliwa kwa sababu reli kutoka Tabora ilikuwa imefika mwaka 1928, na kwa sababu ziwa ni kiwanja kisichohitaji kujengwa. Kutoka Khartoum kuja huku ilitumika Short Calcutta, ndege ya kutua majini yenye injini tatu na mabawa ya ghorofa mbili. Marubani walikaa mahali pa wazi, upepo na mvua vikiwapiga usoni, wakienda kilomita 150 hivi kwa saa.

Kilichowakwamisha Waingereza hakikuwa Afrika. Walikuwa wamegombana na serikali ya Mussolini, ambayo haikutaka ndege zao zipite Italia ila kwa masharti yake. Matokeo yake ni kichekesho: mwaka 1932 abiria aliyelipa nauli ya ndege aliruka London hadi Paris, akapandishwa treni hadi Brindisi, kusini kabisa mwa Italia, ndipo akapanda tena ndege kuvuka bahari. Alifika Alexandria, akaingizwa kwenye treni nyingine hadi Cairo. Kampuni iliyojigamba kufupisha dunia ilikuwa ikitegemea reli.

Fahari ya Mwanza haikudumu hata mwaka. Januari 1932 njia ilipofikishwa Cape Town, ndege zilitoka Kisumu zikaelekea Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwanza ikarukwa. Mimi naona walowezi wa Nairobi walikuwa na sauti kubwa kuliko wakulima wa pamba wa Usukuma, na mambo hayo hayajabadilika sana.

Baadaye zikaja East African Airways mwaka 1946 na Air Tanzania mwaka 1977. Mwaka 2012 Fastjet ilianza kuruka Dar es Salaam hadi Mwanza, mwaka uleule Simiyu ilipofanywa mkoa. Tangu hapo Igegu, jirani na Bariadi, pametajwa mara kwa mara kuwa patajengwa uwanja wa ndege wa mkoa. Lami ya Lamadi–Bariadi imesaidia, sibishi. Lakini mwenye tiketi ya ndege ya alfajiri, akitokea Nkololo, bado anaondoka jana yake na kulipia gesti Mwanza.