Pindo Lililowalisha Watu wa Clones

Viazi vilianza kuoza mashambani Ireland mwezi Septemba 1845. Ulikuwa ugonjwa wa bakajani, ule ule unaowaliza wakulima wa viazi wa Njombe na Mbeya hadi leo. Lakini maskini wa Ireland hakuwa na mahindi wala maharage ya kukimbilia. Alikula kiazi asubuhi, kiazi jioni. Kufikia mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja walikuwa wamepanda meli na kuhama.

Katikati ya msiba huo, mwaka 1847, Cassandra Hand alifika Clones, mji mdogo wa kaunti ya Monaghan, akifuatana na mumewe aliyekuwa mchungaji. Alichokikuta ni njaa. Akatafuta mwalimu, akamleta awafundishe wanawake kufuma kroshia. Huko kusini, Cork, masista Waursula walikuwa tayari wanawafundisha wasichana kazi hiyo hiyo.

Kwa nini kroshia? Matajiri wa Ulaya walipenda lesi ya Venice, ambayo hushonwa kwa sindano, tundu kwa tundu, na kola moja huweza kula miezi. Ndoana ya kroshia ilitoa kitu cha kufanana nayo kwa muda mfupi zaidi. Mtaji nao ulikuwa mdogo: uzi wa pamba na kindoana, ambacho mtu aliweza kujitengenezea kwa waya uliopindwa na kuchomekwa kwenye mpini wa mti.

Mfumaji hakuanzia upande mmoja akaenda hadi mwisho, kama wengi wanavyofuma vitambaa vya makochi. Alifuma kwanza ua moja moja: waridi, kichala cha zabibu, gurudumu, au shamrock, jani la mapande matatu ambalo ni alama ya Ireland. Safu zilifumwa juu ya uzi mnene uliolazwa ndani, ndiyo maana petali huinuka ukizipapasa. Kisha maua yalishikizwa kifudifudi juu ya kitambaa chenye mchoro wa kola au pindo, na nafasi zilizobaki zikajazwa wavu wa minyororo. Hapo watu wa Clones waliweka alama yao: fundo dogo la mviringo, uzi ukizungushwa mara nyingi kwenye ndoana na kufungwa kwa pamoja. Zilikuwepo familia zilizojulikana kwa ua lao, wala hazikumfundisha jirani. Ninazielewa. Ua lile ndilo lilikuwa shamba lao.

Pindo, kola na mapambo ya mikono ya magauni vikasafiri hadi London, Paris na Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20 wabunifu wa mitindo wa Paris waliipenda lesi hii ya kroshia hata makoti mazima yakafumwa. Baadaye mashine za Uswisi zikaiga, Vita Kuu ya Kwanza ikabadili mavazi ya wanawake, na soko likaanguka.

Wafumaji wa nchi nyingi bado hulitaja fundo lile kwa jina la mji: fundo la Clones. Kola zenyewe zimo katika makumbusho, nyingi zikiwa na jina la nchi bila jina la aliyezifuma, na hilo linaniuma. Kama kwenu kuna shuka au kitambaa chenye pindo alilofuma bibi, muulize sasa kila ua linaitwaje. Andika majina hayo, pamoja na jina la bibi.