Bunduki Zilizostaafu Kabla ya Kufika: Silaha za Askari katika Milima ya Upare

Historia ya polisi katika milima ya Upare imezoea kuandikwa kwa kufuata amri, kodi na majina ya watawala, na ni mara chache imefuatiliwa kupitia chombo ambacho kila utawala ulimkabidhi askari wake kabla ya kumpandisha mlimani. Bunduki ya serikali ni kitu kilichoandikwa mwilini: ina namba, chapa ya kiwanda, mwaka wa kutengenezwa na mara nyingi alama ya kikosi kilichoimiliki, na kwa kuwa chuma hudumu kuliko askari anayekibeba, alama hizo huendelea kusomeka hata baada ya serikali iliyozigonga kuondoka. Nchini Marekani wako watu wanaokusanya bastola zilizostaafishwa na idara za polisi za miji, wakazifuatilia hadi kiwandani, na kampuni kama Colt hutoa kwa malipo barua inayoonyesha bastola yenye namba fulani ilisafirishwa lini na kwa nani. Tanzania haina desturi hiyo, wala Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikutungwa kwa ajili ya kuwaridhisha wapenzi wa silaha kuukuu, lakini njia yao ya kusoma alama inamfaa mwanahistoria wa Same, wilaya iliyoko katika milima hiyo ya Upare, kuliko inavyodhaniwa. Jambo la kwanza inalolifunua ni kwamba bunduki nyingi walizobeba askari wa Upare zilikwisha kustaafishwa mahali pengine kabla ya kufika kwao.

Kabla ya kuwapo askari wa serikali, silaha za moto zilipita chini ya milima kuliko zilivyopanda juu. Bonde la mto Pangani upande wa magharibi na njia ya Gonja na Kisiwani upande wa mashariki, chini ya eneo la Mamba lililoko mlimani, zilikuwa barabara za misafara ya pembe na watumwa iliyotoka pwani kuelekea Kilimanjaro, na watawala waliokaa karibu na njia hizo, kama Semboja wa Mazinde upande wa Usambara, walijipatia nguvu kwa kubadilisha pembe na watu kwa bunduki na baruti. Bunduki hizo zilikuwa magobore, yaani silaha zinazoshindiliwa baruti na risasi kwa kupitia mdomo wa mtutu, baadhi zikiwashwa kwa gumegume na nyingine kwa fataki, na sehemu kubwa ilikuwa mali iliyoachwa na majeshi ya Ulaya yalipohamia kwenye bunduki zinazojazwa kwa nyuma. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kila mwaka. Hesabu hiyo ni makisio ya ofisa aliyetaka biashara hiyo izuiwe, kwa hiyo haifai kuchukuliwa kama orodha ya forodha, lakini inaeleza kwa nini Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizitaka serikali za kikoloni kuweka silaha zote zinazoingia katika bohari za umma na kutoa vibali kwa mwenye kuzichukua. Bohari, leja na kibali vilizaliwa hapo, na bila vitu hivyo vitatu bunduki haiwezi kufuatiliwa.

Bunduki ya kwanza ya kiserikali kuenea katika eneo hili ilikuwa Mauser ya mwaka 1871, iliyobuniwa na ndugu Paul na Wilhelm Mauser wa Oberndorf na kuchukuliwa na jeshi la Ujerumani muda mfupi baada ya vita vyake na Ufaransa. Ilikuwa na mtutu wa kipenyo cha milimita 11, ilipokea risasi moja tu kwa wakati mmoja, na ilitumia baruti nyeusi iliyotoa wingu la moshi kila ilipofyatuliwa. Hermann von Wissmann alipoletwa mwaka 1889 kuvunja upinzani wa Abushiri bin Salim pwani, jeshi la Ujerumani lilikuwa limekwisha kuiacha silaha hiyo na kuhamia kwenye bunduki ya mwaka 1888 yenye baruti isiyo na moshi, na hivyo mabaki ya Ulaya yakawa silaha rasmi ya askari wa Afrika. Kikosi cha Wissmann kiligeuzwa mwaka 1891 kuwa jeshi la ulinzi la koloni, Schutztruppe, na kando yake kikakua kikosi cha polisi kilichowekwa chini ya maofisa wa wilaya, ambacho kilirithi Mauser zile zile za 1871. Ilipofika mwaka 1914 kombania sita tu kati ya kumi na nne za jeshi ndizo zilizokuwa zimepewa bunduki mpya. Ikiwa wanajeshi walio wengi walikuwa bado wanafuka moshi, askari polisi asingetarajia kupata kilicho bora zaidi.

Mauser hiyo inastahili kuangaliwa kwa karibu. Jina la kiwanda, kwa mfano Spandau, Danzig, Erfurt au Amberg, hugongwa kwenye chuma cha chemba, ambayo ni sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, pamoja na taji na mwaka, na namba ya bunduki hurudiwa kwenye komeo la kufungia chemba, kwenye pete za mtutu na, kwa ufupisho wa tarakimu mbili za mwisho, hadi kwenye skrubu ndogo. Fundi wa Kijerumani alifanya hivyo ili vipande vya bunduki moja visichanganyike na vya nyingine katika karakana, lakini mazoea hayo yamemwachia mchunguzi ushahidi ambao hakuna aliyekusudia kuuacha: bunduki ambayo namba zake zote zinalingana haikupata kuvunjwa sana, na ile yenye komeo la namba moja, pete za namba nyingine na kitako kisicho na namba kabisa imepita katika mikono ya fundi aliyelazimika kuunda silaha moja kutoka kwenye mabaki ya tatu. Kwenye silaha za kisasa zaidi zilizoletwa kwa ajili ya koloni, herufi K.S. zilizogongwa kwenye chuma zilimaanisha jeshi la ulinzi la Kaizari.

Askari aliyebeba bunduki ya aina hiyo alikuwa mgeni Upareni kama ilivyokuwa silaha yake, kwa kuwa askari wengi wa mwanzo wa Wajerumani waliandikishwa kutoka Sudani na kwa Wazulu wa kusini. Jambo la kuzingatia katika habari za Mamba ni kwamba wageni wengine wa enzi hiyo walipanda mlimani bila bunduki za serikali: mwaka 1903 wamisionari wa Kiadventista Johannes Ehlers na A. C. Enns walifungua kituo huko Giti, katika eneo hilo la Mamba, wakakiita Friedenstal, yaani Bonde la Amani, na kituo hicho kikawa chimbuko la kanisa lao katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Amani hiyo haikuwa mbali na bohari ya silaha, kwa kuwa reli ya Usambara, iliyofika Moshi mwaka 1911, ilipita Same chini ya mlima na kumwezesha ofisa wa wilaya kuhamisha askari kwa saa chache mahali ambapo zamani msafara ulihitaji siku kadhaa.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyokata uzi wa ufuatiliaji. Askari polisi waliingizwa jeshini pamoja na silaha zao, na baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, alijikuta na bunduki za Waingereza za kutosha kuzipa upya kombania tatu, pamoja na bombomu kumi na sita na risasi 600,000. Mwezi Aprili 1915 meli Rubens, iliyovunja kizuizi cha manowari za Uingereza, ilizama katika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga, na wapiga mbizi wakaokoa shehena yake ya bunduki na risasi, ambazo zilibidi kufunguliwa na kukaushwa moja moja. Hivyo, wakati majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliposhuka kutoka Kahe mwezi Mei 1916, safu moja ikifuata mto Pangani, nyingine ikifuata reli, na ya tatu, ya askari wa King's African Rifles, ikipenya pengo la Ngulu na kupita mashariki ya milima kuelekea Gonja, askari waliokuwa wakirudi nyuma mbele yao walibeba mchanganyiko wa Mauser kuukuu, Mauser mpya zilizoonja maji ya bahari, na bunduki za Kiingereza zilizotekwa. Vita vilipokwisha, mwishoni mwa Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala nchini Zambia, Lettow-Vorbeck alikabidhi bunduki 1,071 ambazo zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Hakukuwa na Mauser ya Kijerumani hata moja katika hesabu hiyo. Anayetafuta leo bunduki za polisi wa Kijerumani wa Upare hana budi kukubali kwamba nyingi zilitupwa njiani, zilivunjwa ili zisitumiwe na adui au ziliangukia mikononi mwa watu wengine katika mwendo uliotoka Pangani hadi Rufiji, ukaingia Msumbiji na kuishia Rhodesia ya Kaskazini.

Jeshi la Polisi la Tanganyika lilianzishwa rasmi Agosti 1919, makao yake makuu ya kwanza yakiwa Lushoto, mwendo mfupi kutoka Upare, chini ya Meja S. T. Davis. Silaha iliyokuja kulitambulisha ni Lee-Enfield, bunduki ya komeo yenye magazini ya risasi kumi na kipenyo cha .303, ambayo ulimwengu ulikuwa umefurika kwayo vita vilipomalizika. Alama zake hazina ukamilifu wa zile za Kijerumani lakini zina maelezo zaidi: kwenye pingili ya chuma inayoungana na kitako husomeka taji, herufi za jina la mfalme, kiwanda, iwe Enfield, BSA au Ishapore ya India, mwaka na aina, mshale mdogo wa mistari mitatu huonyesha kwamba ni mali ya serikali, na mishale miwili iliyogusana ncha huonyesha kwamba silaha imetolewa rasmi katika utumishi na kuuzwa. Kwenye kitako cha zile za mapema huwapo kisahani cha shaba ambacho kikosi kiligonga jina lake na namba ya bunduki katika rafu ya bohari. Kisahani hicho ndicho kipande chenye thamani kubwa zaidi kwa mfuatiliaji, na ndicho rahisi zaidi kupotea, kwa kuwa kinashikiliwa na skrubu moja tu.

Namna silaha hizo zilivyotumika Same yenyewe huonekana vizuri zaidi katika tukio ambalo hazikupata kuwa na kauli ya mwisho. Utawala ulipoanzisha kodi ya kupimwa kwa mali ya mtu, ambayo Wapare waliiita mbiru, maelfu ya watu walishuka milimani mwezi Januari 1945 na kukusanyika kwenye makao ya wilaya mjini Same, wakidai kodi hiyo iondolewe, na baadaye wanawake, hasa wa Usangi, wakajiunga na mgomo. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyeandika kwa kina juu ya mbiru na juu ya historia ya kisiasa ya Wapare, ameonyesha jinsi watu hao walivyojipanga kwa utaratibu na subira, na kodi hiyo hatimaye iliachwa mwaka 1947. Bunduki za bohari ya Same hazikuwa na jibu kwa umati usio na silaha uliokataa tu kuondoka, na pengine hiyo ndiyo sababu zimeacha alama ndogo sana katika kumbukumbu za tukio kubwa kuliko yote ya kisiasa katika wilaya hiyo.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda haraka. Tarehe 12 Januari 1964 wanamapinduzi wa Zanzibar walivamia bohari ya polisi ya Ziwani wakiwa na mapanga na zana nyingine za kienyeji na kutoka na bunduki, na siku nane baadaye askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam. Matukio hayo mawili yaliifundisha serikali kwamba leja ya silaha ni jambo la usalama wa dola. Misaada ya China ilileta SMG, ambayo ni bunduki ya Kalashnikov iliyotengenezwa China kwa jina la aina ya 56, na SAR, bunduki inayojipakia yenyewe lakini hupiga risasi moja kila kichocheo kinapovutwa. Chapa za silaha hizo ni fupi: namba ya kiwanda ndani ya pembetatu, kwa mfano 66 kwenye SMG nyingi, na tarakimu za utambulisho. Bunduki za .303 zilizopokwa nafasi hazikuacha kazi mara moja. Nchini Kenya aina ya mwisho ya bunduki hizo, inayojulikana huko kama Mark 4, ilikabidhiwa kwa polisi wa akiba wa jamii za wafugaji wa kaskazini, ambako iliendelea kulinda mifugo miongo mingi baada ya polisi wa kawaida kuiacha. Katika mbuga za Mkomazi, zilizo chini ya Mamba na kutengwa kuwa pori la akiba mwaka 1951, silaha ya majangili iliyokutana na ya serikali ilikuwa bado gobore, mara nyingine lililoundwa upya na wahunzi wa vijijini, warithi wa ufundi wa chuma uliowapa umaarufu Washana wa Ugweno. Na Operesheni Uhai iliyoanza mwaka 1989 dhidi ya ujangili ilikusanya silaha za karne mbili tofauti katika msako mmoja.

Sheria za sasa zinavuta pande mbili. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 inazitaka nchi wanachama kugonga alama kwenye silaha za serikali, kuweka kumbukumbu zake na kuteketeza za ziada na zilizokamatwa, na Kenya iliteketeza silaha 5,250 huko Ngong mwezi Novemba 2016 kwa kuzichoma moto hadharani. Kwa upande mwingine, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, mwaka ambao unaiacha nje kila bunduki iliyotajwa hapa isipokuwa magobore ya zamani kabisa. Mauser ya 1871 ikitolewa leo kwenye dari ya nyumba huko Mamba ingehesabiwa kwanza kuwa silaha haramu, na kulindwa kwake kama kumbukumbu kungehitaji uamuzi maalumu wa wenye mamlaka. Hatua isiyo na gharama kubwa ingekuwa kunakili namba, chapa ya kiwanda, mwaka na alama za kikosi, pamoja na picha za pingili na kitako, kabla silaha haijapelekwa kuteketezwa, kisha nakala hiyo ikahifadhiwa pamoja na leja za wilaya katika Idara ya Nyaraka za Taifa.