Bunduki Iliyofyatuka: Kesi ya Woolmington ya Mwaka 1935 na Mzigo wa Kuthibitisha

Katika Kiswahili, konsonanti moja hutenganisha mwuaji na mtu aliyepatwa na ajali. Ikisemwa kwamba mtu alifyatua bunduki, mtendaji ametajwa. Ikisemwa kwamba bunduki ilifyatuka, mtendaji ametoweka. Je, mahakamani, ni nani apaswaye kuthibitisha ni kitenzi kipi kilicho cha kweli? Nchini Uingereza swali hilo lilipata jibu mwaka 1935, katika kesi ya Reginald Woolmington.

Huyu alikuwa kijana wa miaka 21, mfanyakazi wa shamba katika jimbo la Dorset. Mwezi Novemba 1934 mkewe Violet, mwenye miaka 17, alimwacha akarudi kwa mama yake. Tarehe 10 Desemba Woolmington alichukua bunduki ya mwajiri wake, akaipunguza mitutu kwa msumeno, akautupa msumeno kijitoni, akaificha bunduki chini ya koti, kisha akaenda kwa baiskeli hadi kwa mkwewe. Huko Violet alipigwa risasi akafa. Mshtakiwa alieleza kwamba alikusudia kumtishia mkewe kuwa angejiua asiporudi nyumbani. Alipoitoa bunduki ili amwonyeshe, ikafyatuka yenyewe.

Dalili dhidi yake zilikuwa nzito. Katika koti lake ilipatikana barua iliyotaja risasi mbili, moja ya mkewe na moja yake mwenyewe. Yeye alidai kuwa aliiandika baada ya kifo. Hata hivyo, anayetaka kujiua naye huweza kukata mitutu na kuificha bunduki. Vitendo vilijulikana, nia ndiyo iliyobishaniwa.

Katika kesi ya kwanza, mjini Taunton, wajumbe wa baraza la mahakama hawakuafikiana. Katika ya pili, mjini Bristol, Jaji Swift aliwafundisha kwamba, ikishathibitika kuwa mshtakiwa ndiye aliyesababisha kifo, sheria hukichukulia kuwa mauaji ya kukusudia, mpaka yeye mwenyewe awaridhishe kuwa ilikuwa ajali. Fundisho hilo lilitokana na kitabu cha Michael Foster cha mwaka 1762. Woolmington alihukumiwa kunyongwa, na rufani yake ya kwanza ikakataliwa.

Baraza la Malodi lilitengua hukumu hiyo. Lodi Sankey alieleza kwamba wajibu wa kuthibitisha nia ya kuua ni wa upande wa mashtaka, tangu mwanzo hadi mwisho. Mshtakiwa hadaiwi kuthibitisha ajali. Yatosha maelezo yake, pamoja na ushahidi wote, yaache shaka ya haki. Malodi hawakusema kwamba Woolmington alisema kweli. Walisema kwamba wajumbe waliulizwa swali lisilo lake. Akaachiliwa huru.

Kanuni hiyo ilienea hadi mahakama za Kenya, Uganda na Tanzania. Kongo, iliyorithi sheria kutoka Ubelgiji, imefika hapo kwa njia nyingine: kifungu cha 17 cha Katiba ya mwaka 2006 humhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi hukumu ya mwisho. Aidha, kifungu cha 52 cha Kanuni ya Adhabu huadhibu kifo kilichotokana na kukosa tahadhari, pasipo nia ya kudhuru. Methali husema ajali haina kinga. Lakini mbele ya hakimu, hata aliyethibitika kutokusudia aweza kuulizwa kwa nini bunduki ilikuwa mkononi mwake, tena ikiwa na risasi.